Dirisha la Kuokolea Watu Limenishika Mie

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi.

Kwa msiojua, kazi yangu ni madirisha. Karakana iko Wattaya. Siku hizi wenye majumba yenye vyumba chini ya ardhi wananiita niwatobolee ukuta na kuweka dirisha la dharura, ili pakitokea moto mtu apate pa kutokea. Nje ya dirisha tunachimba shimo, tunalijengea kuta, tunaweka na ngazi ndogo ya chuma ya kupandia bustanini. Kazi ya kheri kabisa.

Bi Zuwena, mwenye nyumba ya leo, aliniita kwa sababu mwezi uliopita chaja ya simu ilishika moto pale kwenye ngazi za ndani. Moshi ukajaa. Nakato, binti wa Kiganda anayemsaidia kazi, alikuwa chini chumbani kwake, na ngazi ndiyo njia yake pekee. Alisalimika, lakini Bi Zuwena hakulala siku tatu. Aliniambia, "Mwanangu, roho ya mtoto wa watu sitaki kuibeba shingoni. Nitobolee ukuta huu."

Nikatoboa. Jana vijana wangu wakamaliza kufunga dirisha, kioo kimoja kikubwa kinachofungukia nje kama mlango. Nakato akaja, akalitazama, akatoka akaenda kulitazama shimo, akarudi.

"Mudiri," akasema (yaani bosi, ndiye mimi), "hii ikifunguka itagonga ukuta ya shimo."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, kazi hii nna miaka kumi na minne."

(Miaka kumi na minne. Na shimo sikulipima. Nilimwachia fundi wa kujenga.)

Leo nimekwenda peke yangu kukabidhi kazi. Nimemkuta Bi Zuwena chini, kasimama na mkongojo wake, Nakato nyuma yake.

"Hebu nifungulie nione."

Nikafungua. Dirisha likaenda nusu, likasema *ko!* Ukuta wa shimo.

Nakato akatazama dari. Msichana ana adabu.

Mtu mwenye akili hapo angesema, "Bibi, pana marekebisho kidogo." Mimi nikasema, "Si neno, hapa panatosha kupita."

"Panamtosha nani?"

"Yeyote."

Bi Zuwena akanitazama tumboni. Akatazama upenyo. Akanitazama tena tumboni. "Hata wewe?"

Jamani, kiburi!

Nikavua viatu. Nikapanda juu ya kigoda, nikatoa mikono, kichwa, mabega. Mabega yamepita vizuri, nayasifu. Halafu tumbo likafika. Nikavuta pumzi, nikajisukuma. Hola. Nikasema basi nirudi nyuma. Kanzu ikanasa kwenye komeo, kila nikirudi inapanda juu. Nusu yangu ipo shimoni juani, nusu ipo chumbani kwenye kiyoyozi.

"Umefika?" Bi Zuwena akauliza.

"Bado kidogo."

"Mbona miguu inapiga teke?"

Hapo kengele ya mlango ikalia juu. Bi Zuwena alikuwa na wageni wa kahawa, kina mama wenzake, na ameshawaahidi kuwaonyesha dirisha lake jipya. Nikamsikia akiwaita, "Shukeni, shukeni! Fundi yumo ndani yake!"

Wakashuka. Nilisikia viatu na bangili. Kanzu ilikuwa imeshafika kiunoni. Kilichobaki kunisitiri ni kikoi cha ndani.

Sauti moja ikasema taratibu, "Subhanallah. Kikoi hiki nakijua. Mwenyewe nilikinunua soko la Matrah, nikampa mkwe wangu Sikukuu."

Mama mkwe.

Nikanyamaza. Nilidhani nikinyamaza nitakuwa fundi mwingine. Akauliza, "Baba Salma, ni wewe?"

Kutoka shimoni nikajibu, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." (Ningesema nini?)

Nakato ndiye aliyetumia akili. Alipanda juu, akazunguka bustanini, akashuka ngazi ya shimo, akachuchumaa mbele ya uso wangu. Akanifunika kichwa kwa taulo kwa ajili ya jua, akaomba bisibisi. Bi Zuwena akaitoa kwenye sanduku langu la vifaa na kuipitisha upenyoni, ubavuni mwangu, kwa ncha ya mkongojo.

"Skurubu za bawaba, mudiri. Naanza juu?"

"Anza chini. Ukianza juu kioo kitaniangukia."

Akafungua moja baada ya moja, bila haraka, huku akina mama wakimwombea dua. Kioo kikatoka, akakiegemeza ukutani. Upenyo ukawa mpana, Bi Zuwena akalinasua vazi langu kwenye komeo, nami nikaporomokea shimoni kwa kichwa, mikono mbele. Kiwiko kimechubuka. Mengine mazima.

Nikamwambia Nakato, "Jana ulisema kweli, na mimi nikakucheka. Nisamehe."

"Ma fi mushkila, hakuna shida," akasema. "Lakini kama leo ingekuwa moto, mudiri?"

Anayelala chini ni yeye, si mimi.

Bi Zuwena amekata shauri: Nakato atalala juu, chumba cha wageni, mpaka dirisha lipite mtu. Kesho asubuhi narudi na vijana, tunabomoa ukuta wa shimo na kulipanua, na Nakato ndiye atakayelijaribu dirisha kabla sijapewa mkono wa ahsante. Nimeikubali hukumu. Kisha nikapanda ngazi ya shimo, nikazunguka kurudi chumbani kuvaa viatu, nikapita mbele ya kina mama wanne walioshika vikombe vya kahawa, kila mmoja akitazama kikombe chake kwa makini sana. Mabega ya mama mkwe yalikuwa yakitikisika.

Nilipofika nyumbani mke wangu ameshapigiwa simu na mama yake. Ijumaa tumealikwa chakula cha mchana kwa mama yake. Nikamwambia naona siendi, naumwa.

Akaniuliza, "Kiuno?"