Chumba cha Kusahau katika Kompyuta ya Kanisa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Kianjokoma leo ni ya kukata masikio. Nimefika ofisi ya kanisa, nikaomba, nikawasha kompyuta. Daftari, nakuambia wewe peke yako: kiti changu kinatingisika. Miaka kumi na mmoja mimi ndiye katibu. Uchaguzi ni Jumapili. Na Nelius, mwenyekiti wa akina mama, anakitaka!

Anapiga kampeni mazishini. Nimeona kwa macho yangu. Yeye ndiye hupakua chakula. Anayemuunga mkono anapata mnofu. Juzi kwa marehemu Gachoki mimi nilipewa shingo. Shingo! Katibu mzima!

Lazima Pasta Kathuri ajue. Lakini asijue ni nani amemjulisha.

Jumanne, 10 Juni

Nimemleta Lorna, fundi wa kompyuta kutoka Embu mjini. Mwaka jana flashi yenye ratiba ya mazishi ilituletea kirusi, kikala rejista ya ndoa. Ndipo Lorna akatuwekea mfumo wa usalama, wa vyumba vyumba. Barua chumba chake, rejista chumba chake, kimoja kikiugua kingine kisiambukizwe. Leo nimemwomba aongeze chumba cha siri. Akauliza ni cha nini. Nikasema ni cha washirika wenye mizigo ya moyo. (Bwana, nisamehe. Na kwani mimi si mshirika?)

Ameongeza mambo mawili. Kuna chumba cha kusahau: ukikifunga, kila kitu kimefutika. Na kuna njia ya kujificha: barua inapitishwa na mashine tatu za mbali, hakuna hata moja inayojua safari nzima, na anayeipokea hawezi kujua imetoka wapi. Akanionya mara mbili: mzee, kitu cha kuhifadhi usikiweke humo. Nikaitikia kwa kichwa kama kwenye mahubiri.

Jumatano, 11 Juni

Siku yenyewe.

Kwanza nimechapa orodha ya wapiga kura, majina mia mbili na arobaini, ndani ya chumba cha kusahau. Humo kwa sababu Nelius ana mazoea ya kuchungulia. Makaratasi ya orodha ya zamani nilishampa Marcella, mke wangu, akawashia jiko. Usalama ni usalama.

Halafu barua. Jina langu halimo popote. Nikaichapisha, nikaitengeneza ikae kama barua ya maana, nikaipitisha kwenye skana, nikaituma. Imezunguka dunia, pengine hadi Ujerumani, ikaingia kwa simu ya Pasta, mlango wa pili. Nimesikia simu ikilia kupitia ukuta!

Kikohozi. Kiti kikasogezwa. Pasta akatokea mlangoni kwangu, akaniangalia sana, akasema Bwana asifiwe, katibu. Akaenda zake.

Nikazima kompyuta haraka.

Alhamisi, 12 Juni

Orodha haipo!

Nimefungua chumba cha kusahau. Cheupe kabisa. Nikampigia Lorna. "Mzee, si nilikuambia?" Kumbe! Mimi nilidhani kinasahau mwandishi. Kinasahau mpaka maandishi! Nikauliza kama maombi yanaweza kukikumbusha. Akasema hata yeye aliyekiweka hawezi, hiyo ndiyo kazi yake.

Bila orodha hakuna uchaguzi, na bila uchaguzi wazee watauliza katibu alikuwa anafanya nini. Nimeanza kufunga. Marcella akauliza mbona sili. Nikamwambia naombea taifa.

Ijumaa, 13 Juni

Kikao cha dharura. Pasta amesoma barua mbele ya wazee wote, Nelius akiwa ameketi papo hapo na kitambaa chake cheupe kichwani.

Ilianza hivi: "Ajenda ya kwanza: Maombi." Daftari, miaka kumi na mmoja ya kuandika kumbukumbu za vikao! Mkono una njia zake. Ajenda ya pili: Ugawaji wa minofu. Ya tatu: Mengineyo. Mzee Munyi akasema huyu mtu, yeyote yule, anaandika vizuri karibu kama katibu wetu Njuki. Jasho likanishuka mpaka kwa soksi.

Ndipo Pasta akageuza simu tuone mwisho wa ukurasa. Muhuri. Wa zambarau, na tarehe, na neno KATIBU. Na muhuri huo hukaa mfukoni mwangu.

Sasa ningefanyaje? Karatasi bila muhuri ni ya kufungia nyama. Nani angeiamini?

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Pasta akasema washirika wataamua Jumapili, kwa hivyo nije na orodha. Nikasema iko mahali salama sana.

Jumamosi, 14 Juni

Nelius amekuja nyumbani! Nilikimbilia zizini. Marcella akanitoa, nyasi kichwani.

"Baba Purity, kwani ng'ombe ndio wapiga kura?" Nelius akauliza. Nikakiri yote, hata orodha. Akatoa kijitabu chake cha mazishi. Washirika wote mia mbili na arobaini, kila mmoja na kijiji chake na nyama anayoipenda. Akasema kipeleke, hiyo ndiyo orodha.

Nikatafuta jina langu. "Njuki: shingo. Alisema mwenyewe, 2019."

Nikakumbuka. Tulikuwa tunamzika mama yake Nelius. Nyama ilikuwa imeisha, naye analia kwa aibu mbele ya sufuria. Nikamwambia usijali, mama, mimi hupenda shingo.

Miaka sita ananiwekea.

Jumapili, 15 Juni

Nelius ndiye katibu. Nimemkabidhi muhuri mbele ya madhabahu. Akaniombea. Kwenye chakula akanipakulia mwenyewe. Shingo. Nikala yote, na machozi kidogo.

Lakini nimefikiri. Uchaguzi wa kanisa, kwa kijitabu cha nyama? Si halali! Funguo za ofisi bado ninazo. Nimeingia chumba cha kusahau, nikamwandikia askofu. Safari hii hakuna ajenda. Hakuna jina. Mtu hujifunza!

Nimeichapisha, iko tayari. Kesho asubuhi na mapema nampelekea Nelius aipige muhuri.