Begi la Mkononi la Mama

Jumatatu, 4 Mei

Kicheko. Bado nakisikia. Jana mchana Mama alikuwa jikoni akiongea na simu, na kupitia ukuta nikasikia kicheko kile kinachoanzia puani na kuishia kwenye kikohozi. Mara ya mwisho kukisikia, Baba alikuwa hai. Nikakimbia kuuliza kuna nini. Akafuta machozi, akasema mama mdogo amepata tiketi mbili za meli ya kitalii, wiki nzima baharini, wanaondoka Jumamosi.

Tiketi mbili. Yeye na mama mdogo.

Nikasema vizuri sana. Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia kistaarabu.

Mwaka mzima ni nani aliyempima presha asubuhi na jioni? Nani aliyeifukuza chumvi nyumba nzima? Sisemi kitu. Nimeamua jambo moja tu: nitampangia begi la mkononi. Nimesoma kwamba gatini wachukuzi huchukua masanduku makubwa, na yanaweza kuchelewa sana kufika chumbani. Mpaka hapo msafiri ana begi lake dogo tu. Yaani, kwa maneno mengine, ana mimi.

Jumanne, 5 Mei

Nimesoma mpaka macho yakawasha. Begi liko tayari! Dawa za presha, za kichefuchefu, za mafua. Nguo za kubadili. Sweta, maana vyumba vya meli vina baridi. Sweta la pili, la kwanza likilowa. Tochi. Filimbi. Kipimo cha presha. Birika dogo la umeme. Picha yangu ndogo kwenye mfuko wa ndani. Nyingine kwenye mfuko wa nje.

Dawa nimezipanga kwa rangi, kwa mfumo wangu mwenyewe. Mama akauliza ya asubuhi ni ipi. Nikamweleza kwamba uzuri wa mfumo uko hapo hapo: atakuwa ananipigia simu.

Alishona nguo za watu miaka yote kabla ya kustaafu. Akanitazama kama anavyotazama pindo lililokwenda upande.

Jumatano, 6 Mei

Mama mdogo kahamia kwetu mpaka siku ya safari. Kaja moja kwa moja kutoka saluni kwake, nywele za wateja zimeganda kwenye sketi. Akaliinua begi. Akalitua. Akauliza, "Profesa, dada yangu anakwenda matembezi au anahamishwa?"

Akasema begi la mkononi hubebwa kwa mkono mmoja, wa pili unashika kamba ya ngazi ya meli. Akaamuru jaribio: Mama ashuke nalo ngazi za jengo letu, kisha apande.

Kushuka alishuka vizuri mno. Begi lilimvuta. Kupanda, akakwama ghorofa ya kwanza, akalikalia. Fundi viatu wa hapo akatoa kichwa mlangoni, akatukazia macho mimi na mama mdogo, akauliza mama wa watu anafukuzwa kwa kosa gani. Mama, bila hata haya, akamjibu kwamba na yeye bado hajaambiwa. Wakacheka wote watatu. Mimi nikabaki nimekumbatia sweta lililodondoka.

Birika limetolewa. Mama mdogo anasema vitu vya kuchemshia hunyang'anywa langoni. Nikasema najua. Sikuwa nikijua.

Ijumaa, 8 Mei

Vita! Mama mdogo analipanga begi, mimi nalipanga upya akiwa anaoga. Anatoa kipimo cha presha, nakirudisha. Anatia vazi la kuogelea. Jekundu! La Mama! Nikalificha chini ya godoro. Akalipata kwa kunusa, sijui. Anaimba huku anakunja. Huyu mwanamke hana aibu kabisa.

Lakini jioni hii nimempiku. Kaweka pasipoti zao na tiketi kwenye mfuko wa nje wa begi, mahali ambapo mwizi yeyote mwenye vidole angefika. Nimezitoa kimya kimya. Sasa ziko salama: ndani ya soksi, chini kabisa ndani ya sanduku lao kubwa. Sitamwambia mtu. Watanishukuru baadaye.

Jumamosi, 9 Mei

Gatini, mchukuzi mwenye kofia ya njano akalipokea sanduku kubwa kwa adabu zote. Likaenda. Nililiona likienda. Nililipungia hata mkono. Tukafika dirishani, karani akaomba pasipoti. Mama mdogo akaingiza mkono kwenye mfuko wa nje, akapapasa, akapapasa tena. Akatoa picha yangu.

Karani akaitazama. Akasema hiyo haitoshi.

Ndipo nikakumbuka. Nikasema kwa sauti. Mama mdogo akaita jina la Mungu. Karani akasema lango liko karibu kufungwa na meli haitamsubiri mtu. Nilipogeuka kukimbia nilimwona Mama kasogea pembeni ya mstari, watu wanampita, mkoba kaubana kifuani, kavaa gauni alilolishona kwa ajili ya leo.

Mchukuzi akasema mzigo ukishapita haurudi. Nikamwambia ni mama yangu. Nikamwambia ndiyo kwanza ameanza kucheka tena. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua jambo hilo. Akavua kofia, akajikuna, akanifungulia uzio wa mizigo. Tukapindua masanduku. Letu lilikuwa chini ya mengine yote, bila shaka. Lilipofunguka, nguo za ndani za mama mdogo zilitangulia kutoka, mbele ya abiria wote.

Nikarudi nimeinua soksi juu kama kombe. Mama mdogo alikuwa na maneno mengi, na aliyasema yote. Mama alitangulia mbele mpaka langoni. Hapo akanivuta, akanifuta jasho kwa pembe ya mtandio wake. Akasema hakuniacha kwa kutonipenda. Akasema akiwa na mimi anajiona mgonjwa, akiwa na mdogo wake anajiona dada mtu. Anataka kuwa dada mtu, wiki moja tu. "Na wewe, mwanangu, pumzika kunichunga."

Nikamwambia nimeelewa. Nikalia begani kwake mpaka mama mdogo naye akaanza.

Mama akapanda ngazi ya meli. Hakugeuka. Halafu akageuka.

Nimeelewa. Kweli kabisa.

Jumanne, 12 Mei

Mama kapiga simu! Sauti nyepesi, kama ya msichana. Kaingia kwenye bwawa. Kapotea mara kadhaa akitafuta chumba chake, maana korido zote zinafanana, na kila alipopotea kapata rafiki. Akauliza kama nakula, kama nalala. Akasema nisiwe na wasiwasi.

Nimeyatafakari maneno yake ya gatini, kwa utulivu, kama mtu mzima. Mama anahitaji nafasi. Basi apewe. Sitampigia. Sitamwandikia. Presha sitaiuliza.

Kesho meli yao inatia nanga kwenye bandari nyingine, na abiria watashuka kutembea mjini. Bosi nimeshamwomba ruhusa. Nitakaa ng'ambo ya barabara, hatajua kama nipo, huenda akahitaji kitu. Naandika nikiwa ndani ya basi, limeshatoka mjini kwetu. Nimevaa kofia pana na miwani nyeusi, na bibi niliyekaa naye kiti kimoja ameniuliza kama naumwa macho.

Nimemwambia hapana, nakwenda kumpa mama yangu nafasi.