Kinyama cha Shingoni

Jumatatu, 6 Juni 1994

Daftari, hapa nyumbani Egidi mume wangu hajambo, shemeji Pankras hajambo, kuku na mbuzi hawajambo. Mimi ndiyo sijui. Majibu yamekuja! Kile kinyama cheusi walichonikata shingoni mwezi wa nne, wakakipeleka Dar es Salaam kupimwa. Daktari wa misheni kasema si saratani, ni vinyama vya umri tu, wengi wanavyo. Eti cha kuogopa ni kinachokua haraka, kinachobadilika rangi, kinachotoa damu, au kidonda kisichopona. Kasema huku akitabasamu. Akitabasamu! Nimekwisha.

Mama yangu alipofariki nami niliambiwa anaumwa kidogo, njoo na nguo za kubadilisha. Habari mbaya haambiwi mwenyewe.

Jumanne, 7 Juni

Nimepata akili. Ukweli huambiwa mkubwa wa ukoo. Nimemchinjia Pankras jogoo, ili aende kwa Daktari kama kaka wa mume wangu. Egidi kauliza jogoo wake yuko wapi. Nimesema kicheche.

Alhamisi, 9 Juni

Pankras karudi. Eti Daktari kamwambia shemeji yako mzima, mzee, nenda kachume kahawa yako. Nimemuuliza mbona hanitazami usoni. Kasema ana nyama kwenye meno. Basi naye kaapishwa!

Ijumaa, 10 Juni

Nimekwenda mwenyewe. Nimepiga magoti. Nimemwambia Daktari nimezaa sita, nimezika wawili, hakuna neno litakaloniangusha, aniambie tu nijue nani atabaki na mwanangu wa mwisho. Daktari kavua miwani. Kaniinua, kaniita mama. Kachukua karatasi, kaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA SARATANI. Nikabaki pale pale. Kagonga muhuri.

Muhuri! Hapo nimeamini. Njia nzima ya kurudi nimeimba.

Kwa furaha nimemwandikia Restituta, binti yangu aliyeolewa Songea, ambaye hata hakujua kama nilikatwa. Mama hajambo, hajambo kabisa, usiwe na wasiwasi wowote, hakuna haja ya kuja, jibu upesi. Nimempa dereva wa lori la hawa wanunuzi wapya wa kahawa.

Jumatatu, 13 Juni

Saa nne asubuhi Restituta kafika juu ya magunia, kaniki ya msiba kiunoni, debe la unga wa matanga mkononi, analia tangu barabarani. Kanikuta juu ya mti wa kahawa nachuma. Debe likamwanguka.

Nimemkemea sana. Barua imesema wazi sijambo! Kwa nini mtu haamini anachoambiwa? Tabia hii kaitoa kwa baba yake.

Lakini nilipotulia nikawaza. Songea ni mbali. Nani anaacha watoto na mume akapande lori kwa sababu mama yake hajambo? Huyu kaitwa. Na wa kumwita ni mmoja tu.

Kesho namtuma kwa Daktari, ajifanye hanijui, aulize vizuri muhuri ule hupewa wagonjwa wa aina gani. Nimemwambia asikawie njiani, alete jibu upesi. Mimi huku naanza kugawa khanga.