Msemaji Mkuu wa Vita Vyetu

Jumatatu, 4 Juni 1906

Leo nimepewa cheo! Msemaji Mkuu wa waasi. Kusema kweli, Mzee Chidosa, kiongozi wetu, alisema tu kwamba kati ya watu ishirini na watatu tuliojificha pangoni, anayejua kuandika ni mimi Mbaruku peke yangu, basi niwaandikie Wadachi wa bomani. "Mkuu" nimeongeza mwenyewe. Ujumbe wake mfupi mno: kodi hatutoi, na atakayewafuata ng'ombe wetu sitini atakula mishale. Basi! Nikamwambia vita bila maneno mazuri ni ugomvi wa walevi. Akanitazama juu chini, akaenda kukamua.

Jumatano, 6 Juni

Barua imekwenda. Kurasa nne! Watu ishirini na watatu nimewafanya elfu tatu. Bunduki mia tano. (Tunayo moja, haina kitako.) Mke wangu Stara, anayeuza tumbaku karibu na boma, ameificha kapuni. Amesema nikimponza atadai talaka kabla Mdachi hajaninyonga. Hana moyo wa vita huyu.

Raha yangu ni moja: Bwana Mkubwa, Mdachi anayetawala boma, hajui kusoma barua za Kiswahili, kwa hiyo atasomewa na Khamisi. Khamisi huyohuyo aliyekalia kiti changu cha ukarani niliposingiziwa kuiba wino! Ndio huu ninaoandikia. Na apasuke kwa wivu.

Jumamosi, 9 Juni

Jibu limefika. Mungu wangu! Vita havikutajwa hata kidogo. Khamisi anasikitika kwamba barua yangu haina tarehe, haina mahali ilipoandikwa, na salamu zake ni za haraka mno. Bwana Mkubwa amedhani imeandikwa na mchunga punda. Mchunga punda! Mimi niliyeandika barua za misafara kabla sijaota ndevu! Ugali umenishinda leo. Mzee Chidosa akauliza wamejibu nini. Nikamwambia wanatetemeka.

Jumapili, 10 Juni

Hii sasa ndiyo barua! Salamu ukurasa mzima, nimeulizia mpaka hali ya mbuzi wa Bwana Mkubwa. Tarehe nimetia mbili, ya Kizungu na ya Kiislamu. Kisha mahali: imeandikwa katika milima ya nyuma ya Gulwe, pango la pili juu ya bonde la mikwaju, mlangoni pana mwamba mweupe. Khamisi atafute kosa!

Nikamsomea Stara. Kufika kwenye mwamba mweupe akashika kichwa, akasema nimewauza watu na ng'ombe wao, na barua hiyo yeye hapeleki ng'o. Nikashuka Gulwe mwenyewe, nikampa mpagazi aliyekuwa anakwenda bomani. Niliporudi nikamkuta Stara ananong'ona na Mzee Chidosa. Fitina tu.

Jumatano, 13 Juni

Nimekamatwa! Nilikuwa naandika barua ya tatu. Nikainua macho: askari arobaini kwenye mwamba mweupe, na pangoni nimebaki peke yangu. Wenzangu walikuwa wametoroka tangu alfajiri bila kuniaga. Ng'ombe ishirini wamekwenda nao. Arobaini wamekamatwa, na nimetembezwa nyuma yao mpaka bomani nimefungwa kamba. Kando ya njia wanawake walisimama wakiwalilia ng'ombe wao, wakiuliza watoto watakunywa nini. Mmoja akanitemea mate usoni. Kumbe hata vijijini wananijua!

Alhamisi, 14 Juni

Stara amekuja kuniona gerezani, macho mekundu. Amesema msemaji wa waasi atanyongwa Jumamosi. Lakini nisiogope: amempigia Khamisi magoti siku nzima, na Khamisi ameniandika kwenye kitabu cha wafungwa kuwa mimi ni mpishi niliyetekwa na waasi. Kesho nitaachiwa, twende nyumbani.

Mpishi? Mimi? Hata uji naunguza! Loo, Khamisi ana roho mbaya! Stara akanisihi ninyamaze siku moja tu, siku moja katika maisha yangu. Nikageukia ukuta.

Ijumaa, 15 Juni

Asubuhi askari alifungua mlango, akasema mpishi aende zake. Stara alikuwa langoni na kanga safi ya kunifuta vumbi. Nikakataa kutoka mpaka nionane na Bwana Mkubwa. Nikapelekwa kwake, nikamkabidhi barua niliyoiandika usiku kucha. Khamisi aliitazama, akaninong'oneza kwamba ataichana, atasema ni ombi la chumvi. Nikamwambia asome yote, kwa sauti, asiruke hata cheo.

Akasoma, sauti ikimkatika, akimfasiria Mzungu. Bwana Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenisikiliza hivyo! Kisha akamwamuru Khamisi afungue kitabu cha wafungwa, afute neno mpishi, aandike Msemaji Mkuu wa waasi.

Nimeshinda! Khamisi alifuta huku machozi yanamtoka. Hajazoea kushindwa, maskini.