Lalamiko Dhidi ya Kadi Kubwa Inayolala

Kwa Shemeji yangu, Fundi wa Kompyuta na Mwekaji wa Mfumo Huria,

Salaam zikufikie popote ulipo na nyaya zako. Huku kwetu sote tu wazima, isipokuwa laptopu uliyotupatia. Barua hii anaichapa dada yako, kwenye laptopu hiyohiyo, maana mgongo unanibana na mimi natamka nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi. Makosa yoyote ya herufi ni ya kwenu.

Shemeji, kazi ya video za harusi imenifundisha subira. Nimewahi kumsubiri bwana harusi ambaye bado alikuwa kwa kinyozi. Lakini hili limenifika hapa. Jumamosi Mama mkwe anakuja na wenzake wa kikundi kuangalia video ya harusi ya mdogo wenu. Ulikuwepo, ulijionea: Mama alicheza, mara ya kwanza tangu Mzee atutoke, na ukumbi mzima ukasimama. Aliyeshika kamera ni mimi, mkwe aliyewahi kuambiwa mbele za watu kwamba kupiga picha si kazi. Sasa kila nikiifungua sehemu hiyo niikate na kuiunga, Mama ananyanyua mguu, mguu unabaki juu, nakunywa chai mafunda mawili, ndipo unatua. Sijui nikate wapi. Nikiwaonyesha wenzake hivyo, mimi nimekwisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uvivu. Siku ile ulipoweka mfumo huu wa kuendeshea kompyuta ulieleza kuwa humu ndani mna kadi mbili za picha: ndogo ya kazi nyepesi, na kubwa ya kazi nzito kama yangu. Mengine uliyosema sikuyashika vizuri, ila hilo nililishika. Nimechunguza. Ndogo ndiyo inayofanya kila kitu: inachora madirisha, inaonyesha video, inatoka jasho. Kubwa imelala. Imelala tangu ulipotoka mlangoni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wako hata sahani aliyolia hajaisogeza.

2. Uongo. Ipo amri ya kuiuliza hali yake, dada yako aliniandikia kwenye karatasi. Kila nikiiuliza kama imelala, inaamka, inajibu kuwa iko macho, kisha inalala tena. Jamani! Mimi mwenyewe huwa nafumba macho hapa kochini nikitafakari, na nikiulizwa najibu hivyohivyo, lakini mimi nasema kweli. (Mchapaji anabofyabofya kitu huko, nadhani anatafuta alama ya mkato.)

3. Kumwonea mdogo. Husemwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali mmoja amelala fofofo na nyasi bado zinaumia! Hata sasa ninapotamka, feni imeanza kuvuma humo ndani. Ni kadi ndogo hiyo, inalia. Yenyewe ifue, yenyewe ipike, yenyewe ideki, na bwana mkubwa kajinyoosha tu. Nyumba gani inaendeshwa hivyo? Nimemuuliza dada yako swali hilohilo. Ameacha kuchapa, akasema hata yeye huwa anajiuliza.

4. Jumuiya yenu ya mtandaoni. Niliuliza huko kwa adabu. Wa kwanza akataka kujua nina toleo gani. Wa pili akanishauri nifute mfumo wote niweke anaoutumia yeye. Wa tatu akanikaripia kuwa swali hilo lilishaulizwa. Wa nne alikuwa na tatizo langu hasa, shemeji, nikafurahi, nikasoma mpaka chini, na mwisho kaandika kuwa ameshafaulu, anashukuru. Kafaulu vipi, hakusema! Nimemwandikia, kanyamaza. Mtu huyo ana roho gani? Kwa uchungu nikabandika amri niliyoiokota humohumo, skrini ikawa nyeusi tii. Dada yako akaizima, akaiwasha, akachagua mstari wa pili kwenye orodha ya kuwashia, ikarudi. Bahati tu.

5. Umiliki. Ulisema mfumo huu ni huria, hauna tajiri, ni mali yetu sote. Nimelifikiria sana neno hilo. Kama ni mali yetu sote, basi nami ni mwenye mali. Kama ni mwenye mali, kadi ni mfanyakazi wangu, na mfanyakazi anayelala kazini huitwa mbele ya wazee. Kwa hiyo naomba kikao cha ukoo. Kadi kubwa ikae upande huu, ndogo upande ule, Mama awe mwenyekiti. Ndogo ipewe nafasi ya kusema yote yaliyo moyoni bila kukatizwa. Kubwa iombe radhi, na kuanzia hapo ziwe zinapokezana zamu.

6. Kikao kisipoitishwa, nitachukua hatua. Kwenu vimetoka vitu viwili vikaja kwangu: dada yako na laptopu. Dada yako hajanisumbua hata siku moja, huyo simrudishi ng'o. Laptopu siwezi kuirudisha, video imo ndani. Basi nitajirudisha mimi. Nitahamia kwenu na shuka langu, nitalala kwenye kochi la Mama, sitanyanyua hata kikombe mpaka kadi iamke. Tuone nani ataona haya kwanza.

Najua maneno haya ni makali, lakini naumia, shemeji. Nataka ule mguu utue mahali pake. Mama akijiona anavyocheza, atajua kuwa siku ile kuna mkwe aliyekuwa anamtazama kwa macho mema.

Msalimie mkeo, watoto, jirani yenu mwenye jenereta, na yule aliyefaulu bila kusema, mkikutana. Majibu nayasubiri nikiwa macho.

Ni mimi mume wa dada yako, mtetezi wa kadi ndogo,
Mpiga Video

Nyongeza: Mdogo wangu, sasa ni mimi dada yako, mchapaji. Usihangaike. Kadi haijagoma, ilikuwa haijaitwa tu. Nilipofika namba mbili nilibofya programu yake ya kuhariri kwa kitufe cha kulia, nikachagua pale pa kuifungulia kwa kadi kubwa, kama ulivyotuelekeza siku ile, mimi nikisikiliza na shemeji yako akitafakari. Iliamka palepale. Ule uvumaji wa feni ndio yenyewe ikipiga kazi. Siku zote hizi, ukiacha ile ya skrini nyeusi, hataki niguse, anasema ni kifaa cha ofisi. Leo kanipa kwa ajili ya kuchapa.

Mama anacheza hapa pembeni ya barua, laini kabisa, mguu unatua. Shemeji yako alimfuata na kamera mpaka alipokaa, hakumwacha hata mara moja. Nimelia kidogo. Ningemwambia mapema, lakini tangu harusi ile alikuwa hazungumzi na mtu ila hiyo kompyuta, na jioni ya leo kaongea nami tangu namba moja hadi sita. Nikaona acha adai haki.

Jumamosi njoo na Mama. Na huyu akija kwenu kweli na shuka lake, siku ya tatu mpe jembe. Nilitaka aje aone mwenyewe kwenye skrini, lakini kochini kumenyamaza tangu alipojiita Mpiga Video. Nimemuuliza kama amelala. Amesema hapana.