Kebo Mbili za Kushoto

Jumapili, 3 Agosti

Aibu tupu. Jana, siku ya Sabato, nje ya kanisa letu hapa Nyanchwa, watu wote wakitazama, Marion aliruka kutoka garini na gauni lake jeupe akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Amekuwa akifanya hivyo tangu Februari, handibreki ilipokufa. Jana jiwe lilimponda kidole. Leo asubuhi, kidole kikiwa kwenye bendeji, amesema, "Baba Cynthia, mimi ni mke wako. Mimi si handibreki."

Nikamfungia bendeji upya.

Tena kuna jambo zito. Jumanne ya wiki ijayo mama mkwe anafanyiwa upasuaji wa jicho mjini Kisii. Amengoja nafasi miezi saba. Haoni tena ila vivuli. Ni mimi nitakayemtoa kwake Ekerenyo. Marion anataka gari lipelekwe kwa fundi Ondieki kwanza.

Ondieki! Nilimfundisha Fizikia kidato cha tatu akapata asilimia nane! Siku hizi akinisalimu, "Habari mwalimu," naona meno yote. Hapana. Kebo nitabadilisha mwenyewe. Shule zimefungwa. Akili ninayo. Nimemwambia Marion fundi atakuja nyumbani. Si uongo. Sikutaja jina.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda duka la spea mjini. Mwenye duka, Beverlyne, mwanamke mwenye macho makali, aliniuliza nataka kebo ya kushoto au ya kulia. Nikamwambia mbili. Akasema amesikia mbili, lakini za upande gani? Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kuguna. Nikasema kushoto, kwa sauti nzito ya mtu anayejua. Akanitazama kidogo. Akafunga mzigo.

Kebo ni kebo. Nimetazama video tatu. Kazi ya saa mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa mbili! Nimekaa chini ya gari tangu Marion aende zamu hospitalini hadi jua likawa la utosi. Kutu imeingia machoni, masikioni, hata kwenye chai. Boliti ya kwanza ilikataa. Nikaimwagia mafuta ya taa. Ikakataa. Nikaipiga nyundo. Ikakatika kichwa. Ya pili pia. Ya tatu ilifunguka vizuri, nikafurahi mno, kumbe ilikuwa ya bomba la moshi.

Mchana nilifungua dramu ya breki ya gurudumu la kulia. Ndani kuna springi. Hakuna aliyeniambia springi hizo zina hasira. Moja iliruka, ikanipita sikioni, ikapotelea kwenye migomba. Nimetambaa kwa magoti saa nzima nikipekua majani makavu. Jirani yangu Bosire alisimama uani mwake na kikombe cha uji, akauliza kama nimeanza kufuga kuku. Nikamwambia napalilia. Akauliza kama mimi hupalilia kwa plaisi.

Springi nimeipata. Suruali imechanika nyuma, kutoka mfuko hadi mfuko.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Kebo ya kushoto imeingia yenyewe, raha, kama mkono kwenye sweta. Nikaimba. Ya kulia haifiki. Nikavuta. Haifiki. Nikailaza kando ya ile kuukuu: imepungua shubiri nzima. Ndipo nikaelewa Beverlyne alichokuwa akiuliza.

Ningerudi dukani. Lakini angenitazama vile tena, na foleni ingekuwepo.

Nilikuwa bado nafikiri jua lilipoanza kuzama. Sabato imeingia gari likiwa juu ya mawe, gurudumu moja limelala kwenye nyasi. Marion amerudi, akasimama, akauliza fundi yuko wapi. Nikasema ni Msabato, ameenda kujiandaa. Hilo nalo si uongo.

Nimeomba, lakini hata kwenye maombi nilikuwa nawaza ile shubiri moja.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumetembea hadi kanisani. Kila mtu ameuliza gari liko wapi. Ondieki ameuliza mara mbili, amevaa suti ya kijivu, mikono safi kama daktari. Akasema kama nina shida nimpigie. Nikamwambia shida sina.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi! Pale kebo isipofika nimeunganisha kwa waya ule wa kufungia vyuma vya ujenzi. Nimesokota mara sita. Nimeshusha gari kutoka juu ya mawe, nimeliegesha kwenye mteremko mbele ya geti, nimevuta handibreki, nimetoka. Limesimama! Nimehesabu hadi mia mbili. Limesimama tu.

Marion alikuja akaona hakuna jiwe. Akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Akasema huyo fundi apewe shukrani. Nikasema nitazifikisha.

Jumanne, 12 Agosti

Sijui kama nitaweza kuandika haya.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Ekerenyo. Mama aliketi kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Hatukutazamana, ndivyo chinsoni inavyotaka, heshima ya Wagusii kati ya mkwe na mama mkwe. Aliongea na dirisha, mimi nikaongea na barabara. Safari njema. Tulipofika kwangu ilibidi tumchukue Marion, aliyekuwa anavaa. Nikasimama kwenye mteremko, gia huru, injini ikinguruma kwa sababu betri nayo ni mgonjwa. Nikavuta handibreki. Nikatoka. Jiwe lilikuwa pale pale kando ya geti. Nililiona. Nikalipita.

Nilikuwa nimeshika komeo la geti niliposikia *tang!*

Nikageuka. Gari linarudi nyuma. Pole pole, halafu si pole pole. Nikakimbia. Nikashika kioo cha pembeni, kikabaki mkononi mwangu. Naona kitambaa cha kichwa cha mama, kimetulia, kinateremka kilima bila mimi. Nikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu.

Liliingia kwenye nepia ya Bosire, nyasi ndefu alizopanda za ng'ombe wake. Zikalikumbatia. Likasimama. Hatua nne nyuma ya nepia ni korongo.

Nikafungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameketi vile vile, mkoba mapajani.

"Tumefika?" akauliza.

"Bado kidogo, mama," nikasema.

"Unaendesha vizuri, mwanangu. Wengine hunirusharusha."

Nikakaa chini kwenye umande. Nilipoinua kichwa, Marion alikuwa getini na kiatu kimoja mguuni. Ameona yote. Alitoa simu akampigia Ondieki.

Ondieki alifika dakika kumi baadaye na gari lake. Alimshika mama mkono kama kikombe cha kioo, akamweka mbele. Marion akaingia nyuma, wakaenda. Mimi nilibaki na Bosire, ambaye alitaka kujua ng'ombe wake atakula nini jioni. Nikamwambia Bosire aseme lolote atakalo. Akanitazama usoni. Akaniletea uji.

Alhamisi, 14 Agosti

Upasuaji umeenda vizuri. Mama hajui kitu. Marion ameamua asiambiwe.

Jana nilimwambia Marion kila kitu: kwamba fundi nilikuwa mimi, shubiri, waya. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Yule ni mama yangu." Basi. Tangu hapo ananiambia chakula kiko mezani, maji yako bafuni. Ningependa anitukane.

Ondieki amekuja leo. Kebo ya kulia ameibadilisha kwa dakika arobaini. Hakucheka. Nilimngoja acheke. Alinirudishia tu ile fupi, akasema, "Usijali, mwalimu. Mimi pia nimewahi kukosea." Asilimia nane! Nimeingia ndani nikalia jikoni kama mtoto.

Sitashika spana tena maishani. Nimeandika, nimepigia mstari.

Jumapili, 17 Agosti

Tumemrudisha mama Ekerenyo. Bendeji imetoka. Ameniona vizuri mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akamnong'oneza Marion kwamba nimezeeka sana. Marion akacheka, halafu akaniwekea mkono begani. Nusura niangushe chai.

Tulipotoka nje, mama akawasimulia majirani uani jinsi mkwe wake anavyoendesha: gari lateleza tu kama maziwa, hata mashimo huyasikii. Watu wakatikisa vichwa. Nikatazama viatu vyangu.

Baadaye mzee Mose, mwenye pikapu ya kubeba majani chai, akanivuta kando nyuma ya zizi. Amesikia handibreki yangu ilitengenezwa pale pale nyumbani na sasa inashika kama kucha. Pikapu yake ina breki za miguu zilizokuwa zikilia kwii, na siku hizi hazilii wala hazishiki. Je, najua mtu?

Nilitaka kumtajia Ondieki. Mdomo niliufungua kabisa nimtaje.

Lakini hizi ni breki za miguu. Hazina kebo! Ni mafuta tu kwenye mrija, na mgandamizo katika vimiminika nimeufundisha miaka kumi na tisa. Nimemwambia ailete Jumapili ijayo. Marion atakuwa zamu.