Saa Inayomwita Kiende

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nyumbani, Karurumo. Kiende bado yuko kwao Nkubu. Wiki ya tatu sasa! Na yote kwa sababu ya nduma, magimbi tu. Nilizing'oa chache tu pale bondeni ili nichimbe bwawa la samaki. Sawa, nilizing'oa zote. Sawa, samaki hawajaletwa. Lakini kweli mke mzima anarudi kwao kwa ajili ya nduma? Anasema mbegu ilitoka kwa nyanya yake.

Njia ya kumrudisha inajulikana. Niende Nkubu na wazee na mbuzi wa faini, nikae mbele ya baba mkwe, Mzee Kaimenyi, nitamke kwa mdomo wangu kwamba nilikosa. Mimi! Mbele ya wajomba zake wote! Hapana. Lazima kuna njia ya mkato.

Jioni nilikuwa napasua makadamia kwa jiwe, mkononi nimevaa ile saa ya kisasa aliyotutumia shemeji Kirimi kutoka Qatar. Nikapiga, nikatulia nikitafuna, redio ikipiga kelele. Mara simu ikalia. Kiende! Akauliza kama niko hai. Eti saa imemtumia ujumbe kwamba nimeanguka vibaya na sijitingishi, pamoja na ramani ya mahali nilipo. Kumbe siku tulipoifungua aliweka nambari yake humo, ya dharura.

Nikamwambia napasua makadamia. Akakata simu.

Mjinga mimi! Ningeguna kidogo tu, sasa hivi angekuwa anafunga mzigo.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya utafiti. Swali: saa hii hujuaje kwamba mtu ameanguka?

Nikaruka kutoka juu ya banda la ng'ombe. Kimya. Nikajitupa kwenye rundo la majani ya napier ya ng'ombe. Kimya, kisha ikanipongeza kwa mazoezi. Nikapiga ukuta wa choo. Ikalia, lakini nilikuwa narukaruka kwa maumivu, ikanyamaza yenyewe. Hapo nikaelewa! Kishindo peke yake hakitoshi. Baada ya kishindo inataka utulivu. Ndiyo maana makadamia yaliidanganya: unapiga, halafu unatulia kutafuna. Aliyetengeneza kitu hiki ana akili sana, ila hajawahi kupasua makadamia.

Nikapiga ardhi kwa mkono, nikakaa kimya kama kigingi. Siafu. Nikakimbia.

Gitari, jirani yangu, alikuwa ameegemea ua akitazama. Akauliza kama nimeanza dini mpya. Huyu mtu hana kazi ya kufanya?

Jumatano, 5 Machi

Imekubali! Nilitandika mkeka barazani, nikapiga jiwe, nikalala chali. Saa ikalia, ikatetemeka, ikatuma. Simu ikaita. Sikushika. Ikaita tena. Nikafumba macho nikimwona Kiende akikimbilia stendi ya Nkubu.

Aliyekuja mbio ni Gitari. Kiende alikuwa amempigia! Akanimwagia ndoo ya maji, kisha akamwambia kwenye simu, nikisikia, kwamba mgonjwa amejiwekea mto chini ya kichwa.

Kosa langu ni moja tu. Mto.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo kubwa. Nilimtazama beberu wangu asubuhi. Anagonga nguzo ya banda kwa kichwa, pu! Kisha anasimama kimya kama anayewaza. Kishindo, halafu utulivu. Ndicho kitu saa inachotaka! Nikamfunga saa kwenye pembe, na simu, maana saa hutuma ujumbe kupitia simu, ndani ya kifuko shingoni. Hapo sidanganyi mtu. Anayedanganya ni mbuzi.

Nikaenda kwa kinyozi nijitayarishe. Mke akirudi asinikute na nywele kama kichaka.

Nilirudi saa nane. Beberu hayupo, kamba imekatika. Gari la Mzee Kaimenyi liko uani, milango yote wazi, hakuna mtu. Nikasikia sauti za watu kule mtoni, chini kabisa kwenye magenge. Wanaita jina langu: Nyamu! Nyamu!

Beberu alikuwa ameshuka huko, akigonga mawe na kutulia, akigonga na kutulia. Kila mara Kiende akapata ujumbe: Nyamu ameanguka. Nyamu ameanguka tena. Na ramani inaonyesha gengeni, kando ya maji.

Walipanda wakimvuta mbuzi. Wajomba wawili, Mzee akihema, Gitari nyuma akiuma midomo asicheke. Kiende alikuwa na matope mpaka magotini na kiatu kimoja. Kiatu kingine kilichukuliwa na mto. Alinikimbilia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kutafuta jeraha.

Akakuta nimetoka kunyolewa.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliketi kwenye majani akalia, na mimi nikasimama pale na harufu ya spiriti ya kinyozi, nikaona aibu, aibu kweli. Akasema njia nzima kutoka Nkubu alikuwa anawaza atakavyowaambia watoto wetu walioko shule ya bweni. Akasema nduma zitapandwa tena, mbegu iko kwa mama yake. Anachotaka ni kunisikia nikisema nilikosa. Basi. Hataki kingine.

Nilifungua mdomo. Likatoka swali la kama wamekula.

Mzee Kaimenyi akasema beberu amejileta mwenyewe, basi anaondoka naye, na ndiye faini. Wazee nisisumbue, wamechoka kunisikia. Nije kesho mchana peke yangu, niseme neno hilo, nirudi na mke wangu. Kiende akaniwekea saa na simu mkononi bila kunitazama. Wakaenda.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka mapema. Nimepiga pasi suruali. Nimesimama mbele ya kioo, nikajaribu: Kiende, nilikosa. Linakwama hapa kooni, kama kiazi kisicho na chai. Nyumba kimya. Hata kikombe chake sijakigusa tangu aondoke. Ninamtaka arudi, Mungu anajua.

Nikiwa nabonyezabonyeza saa kungoja ujasiri, nikaona jambo la ajabu. Inapima moyo! Inauchora, mistari inapanda na kushuka, na mchoro unaweza kutumwa. Sasa, kwa nini mtu ahangaike kusema wakati moyo unaweza kujisemea?

Nikazunguka shamba la kahawa mbio, na suruali yangu ya pasi, mpaka nikaona nyota. Nikamtumia Kiende mchoro: tazama moyo wangu ulivyo bila wewe.

Amejibu sasa hivi. Anauliza nimefika wapi. Mama yake amepika, Mzee ameketi, yeye amekwisha funga mzigo na amesimama barabarani ananingoja.

Nimemwambia angoje kidogo. Narudi kwenye kahawa. Ule mchoro wa kwanza haukupanda vya kutosha.